Na Chini Je?

Usiku ule nililala kwa mama, mtaa wa Visimani, na uvundo wa shimo bado ulikuwa puani mwangu. Nilikuwa nimeoga, nikajisugua, nikaoga tena. Nguo nilizovaa mchana nilizitupa nje juu ya kamba, sikutaka hata kuziloweka. Lakini kila nikivuta pumzi, naipata tena ile harufu: nywele zilizooza, chokaa, na kitu kitamutamu kinachokaa nyuma ya koo na kukataa kushuka.

Mimi kazi yangu ni ukalimani. Mtu anazungumza Kiingereza, mimi nasimama pembeni yake nasema Kiswahili. Wakimjibu, nambebea majibu yao. Mchana ule nilikuwa nimeitwa na kiwanda cha ngozi kilicho nyuma ya mtaa wa mama. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba maji ya kisima yameharibika, na kesho yake asubuhi kulikuwa na mkutano. Mhandisi mmoja kutoka Ulaya, Bwana Henrik, angewaeleza habari za shimo la taka, nami ningetafsiri. Meneja wa kiwanda, Bwana Kisoka, alitaka nikalione shimo kwanza, nisije nikababaika mbele za watu.

Shimo lenyewe lilikuwa limewekewa zege juu, pana kama uwanja wa kuchezea watoto, limesawazishwa vizuri na kupakwa chokaa pembeni. Ukilitazama kwa mbali unaweza kusema ni kaburi la mtu mwenye uwezo. Ukisogea ndipo unapoona kwamba ardhi kandokando yake imelowa, wakati mvua haijanyesha siku nyingi, na nzi wamejazana pale kwenye ule unyevu hata udongo unaonekana unatetemeka. Hatua chache pembeni kulikuwa na lundo jipya la mabaki linalosubiri pa kutupwa: vipande vya ngozi vyenye manyoya, mashahamu ya manjano, mikia. Lundo lilikuwa linacheza lenyewe. Funza.

Bwana Henrik, kijana mrefu mwenye macho mekundu kwa vumbi la chokaa, alieleza kwa upole. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao pia, nilisikia anavyokitafuta. Lakini kulikuwa na kitenzi kimoja alichokishika vizuri, akakirudia kila alipolitaja shimo: encase. Taka zote, alisema, zimekuwa "encased" kwa zege. Hakuna wasiwasi.

Nikamgeukia Bwana Kisoka. "Hapo niseme zimefunikwa?"

Alikuwa ameletewa nyama choma kwenye sahani ya plastiki, anakula pale pale, amesimama. Sijui aliwezaje. Mafuta yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye saa ya mkononi.

"Dada, sema zimefunikwa, sema zimevikwa, sema zimejengewa," alisema huku anatafuna. "Chagua neno zuri. Watu wa hapa wanataka kusikia tu kwamba kazi imefanyika."

Akanisogezea sahani nichukue kipande. Niligeuka upande nikajifanya nakohoa.

Jioni, nilipofika kwa mama, nikamsimulia. Mama alikuwa ananimiminia chai. Akachukua kijiko, akaengua kitu juu ya kikombe kabla hajanipa, akakipangusa kwenye ukingo wa sinia. Ulikuwa utando mwembamba unaong'aa rangirangi.

"Mama, hiyo nini?"

"Maji ya siku hizi ndivyo yalivyo. Ukiyachemsha yanatoa hivyo. Unaengua, unakunywa."

Sikunywa. Kikombe kikapoa mbele yangu.

"Na hilo neno lako linakusumbua nini?" akaniuliza. "Mwalimu Perpetua angekuwapo, ungepiga hodi tu hapo ukutani akupe jibu."

Mwalimu Perpetua alikuwa ndiye aliyenifundisha Kiingereza sekondari. Alipostaafu alipanga nyumba iliyoungana na ya mama, ukuta mmoja. Alifariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua tumbo kwa muda mrefu, akakonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Darasani alikuwa na namna yake. Hakutuandikia maana ya kitenzi ubaoni. Alikuja na kikapu, akakifanya kitenzi mbele yetu. Akiweka sahani juu ya bilauri: hiyo ni cover. Akizungushia andazi gazeti: hiyo ni wrap. Akichovya kijiti kwenye mafuta mpaka kikang'aa chote: hiyo ni coat. "Kitenzi mkishakiona kinafanya kazi," alikuwa akisema, "hamtakipoteza." Hakupenda mwanafunzi anayetafsiri kwa neno la karibukaribu.

Basi nililala nikiwa nalifikiria lile neno, na harufu ile ikiwa puani.

Niko darasani. Ni darasa letu la zamani, madirisha yake hayana vioo, na jua limeingia mpaka kwenye madawati ya nyuma. Nimevaa sare ya shule, lakini mwili wangu ni huu huu wa sasa, sare inanibana kifuani. Sakafu imelowa. Nilitaka kunyanyua miguu isiguse ule unyevu, ila sikupata pa kuiweka.

Mwalimu Perpetua ananipa mgongo, anafuta ubao. Amevaa gauni la buluu tulilomzika nalo. Sikuogopa. Nilisimama kama tulivyozoea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Aliendelea kufuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Nikarudia, "Shikamoo, Mwalimu." Akageuka. Uso wake ulikuwa mzima, umenenepa tena, si ule wa siku za mwisho. Alinitazama kama anayesubiri jibu kwa mtu aliyechelewa kulitoa. Kikapu chake kilikuwa mezani. Akaingiza mkono, akatoa yai la kuchemsha.

"Encase," anasema. "Maana yake?"

Najua kwamba najua. Lakini mdomo unatoa lile neno la mchana.

"Kufunika, Mwalimu."

Akashuka kutoka jukwaani, akaja mpaka kwenye dawati langu, akaniwekea yai kwenye kiganja. Lilikuwa la moto. Juu ganda lake jeupe, safi, halina hata ufa. Nikahisi kitu kinanitiririkia kwenye kifundo cha mkono. Nikaligeuza yai. Chini halikuwa na ganda kabisa. Lilikuwa wazi, na kilichokuwa kinatoka humo hakikuwa kiini wala ute. Kilikuwa cha kijivu, kizito, kina nywele ndani yake, kinanitambalia mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kulitupa, na vidole havikufunguka.

"Huko ndiko kufunika," alisema Mwalimu.

Sijui tulitokaje darasani. Tuko jikoni kwake, hapo hapo ukutani kwa mama, na yeye amejifunga kanga kiunoni, anapika. Sufuria kubwa iko mekoni, mfuniko unarukaruka kwa mvuke. Bwana Kisoka amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, ameshika sahani, midomo inang'aa. Anatafuna bila kumeza. Anatafuna, anatafuna, na mashavu yanazidi kujaa.

"Tamu," ananiambia. "Onja, dada."

Mwalimu alifunua sufuria. Ndani mlikuwa na ngozi nzima ya mbuzi, na manyoya yake, inazunguka kwenye povu la manjano. Iligeuka, nikaona upande wa ndani, na upande wa ndani ulikuwa unacheza kama lile lundo. Harufu ilinipiga machoni. Mwalimu akachukua upawa, akachota supu ile, akaimimina kwenye kikombe. Nikakitambua kikombe. Ni cha mama, chenye maua mekundu. Akaengua juu kwa kijiko, polepole, akakipangusa kijiko ukingoni mwa sinia, kisha akaninyooshea kikombe kwa mikono yote miwili, kwa heshima, kama unavyompa mgeni.

Nilibana midomo. Nilibana mpaka meno yakauma. Alikisogeza kikombe mpaka mvuke ukanigusa pua, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nami sikuelewa kwa nini alie yeye wakati anayeshurutishwa ni mimi. Kisha akakirudisha nyuma, akakitua chini.

Jikoni pakatoweka. Tuko juu ya zege. Jua kali. Mwalimu amevua viatu, anatembea peku juu ya shimo, na nyayo zake hazikauki. Kila anapokanyaga panabaki alama ya maji meusi. Anainama, anagonga zege kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Anagonga pengine. Ananiita kwa mkono.

Na ninapopiga hatua kumfuata, tuko chini yake.

Udongo umetuzunguka, na lile zege liko juu yetu kama dari. Nimeliona kwa upande wa chini, upande ambao hakuna aliyeupaka chokaa. Taka zimening'inia pale: vipande vya ngozi, mashahamu, manyoya yaliyoshikamana kama vibonge vya nywele kwenye tundu la bafu. Vinadondoka. Kila tone linaanguka kwenye udongo na udongo unalipokea bila sauti, unalinyonya, unalipeleka. Najua linakwenda wapi. Nilifuata kwa macho, na macho yalipoishia pana maji, meusi, yametulia, na juu ya maji kuna tundu la mviringo lenye mwanga wa asubuhi.

Ndoo inashuka kwenye tundu lile. Naijua ile ndoo. Juu kabisa, nasikia mama anajiimbia, kama anavyojiimbia siku zote akiteka maji.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo, kile kitu cha kijivu kikaingia, kikajaa, kikanata kwenye kaakaa, nikahisi nywele kwenye ulimi. Nikawa nazitema na nyingine zinaingia. Mwalimu Perpetua akanishika taya, mkono wake mkavu, baridi, ukakifunga kinywa changu taratibu. Akaniinamia sikioni.

"Usiwape neno dogo," alisema. "Juu, na ubavuni, na chini. Waulize chini."

Ndoo iligusa maji.

Nikaamka kwa mlio huo huo. Kulikuwa kumekucha, na nje ndoo ya mama ilikuwa inagonga kuta za kisima ikipanda, na mama anajiimbia.

Nilitoka mbio na nguo za kulalia. Sikufika. Nilitapika pale pale kizingitini, nikiwa nimeshika mwimo wa mlango, nikatapika mpaka nikabaki natoa nyongo. Mama aliiacha kamba, akanijia, akanishika paji la uso kama nilipokuwa mdogo.

"Mama, usiteke."

"Una nini, mwanangu?"

"Usiteke. Acha hayo maji. Nimemwota Mwalimu Perpetua."

Mama hakucheka. Alinitazama kwa makini, kisha akauliza lile ambalo mama yeyote wa kwetu angeliuliza.

"Amekupa chakula?"

"Amenipa."

"Umekula?"

"Sijala. Nimekataa."

Alishusha pumzi. "Afadhali," alisema. Akaenda akaimwaga ile ndoo kwenye mchanga, mbali na mlango. Tulisimama tukitazama maji yanavyozama. Yaliacha juu ya mchanga ule utando unaong'aa.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Nikaulize chini."

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya kata. Watu walijaa mpaka madirishani, wengi wanawake, wengine wamekuja na maji yao kwenye chupa kama ushahidi. Meza ya wageni ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na mbele ya kila mgeni kulikuwa na maji ya dukani, chupa zimefungwa. Niliziangalia zile chupa. Bwana Kisoka alikuwa amependeza, amejipulizia marashi mengi. Aliponikaribia kunisalimia, chini ya yale marashi niliisikia ile harufu, au labda ilikuwa bado ni pua yangu.

Bwana Henrik akasimama. Alieleza shimo lilivyochimbwa, taka zilivyowekwa, na akafika pale pale: zimekuwa encased kwa zege. Akanyamaza, akaniachia nafasi. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu na ukumbi wote unanitazama. Mama yangu alikuwa amekaa safu ya tatu, mikono mapajani.

Neno kufunika lilikuwa tayari mdomoni. Nikalihisi linavyoteleza.

Nikamgeukia Bwana Henrik. Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba kabla sijatafsiri nina swali. Kitenzi alichotumia ni cha kitu kilichofungiwa ndani ya kingine pande zote, kisiwe na pa kutokea. Je, ndivyo lilivyo shimo? Juu pana zege, nimeliona. Ubavuni pana zege? Na chini je?

"Dada, tafsiri tu," Bwana Kisoka akaninong'oneza kwa nyuma. "Tafsiri, usimchanganye mgeni."

Bwana Henrik hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akivaa shati la mwenzake. Akamtazama meneja. Akautazama ukumbi. Kisha akanijibu, kwa sauti ya chini, kwamba hapana. Ni juu tu. Shimo lilikuwa limeshajaa taka ndipo zege likamwagwa juu. Neno hilo alilikuta kiwandani, kila mtu analitumia, akadhani maana yake ni kufunika.

Nilikinyanyua kipaza sauti.

"Anasema zege liko juu tu," nikawaambia. "Ubavuni hakuna. Chini hakuna. Taka zimekaa kwenye udongo mtupu."

Mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto akasimama, akaitembea ile njia ya katikati mpaka kwenye meza ya wageni, akaitua chupa yake ya maji mbele ya Bwana Kisoka. Yalikuwa ya manjano.

"Kunywa," alimwambia.

Hakunywa. Alisukuma kiti nyuma, akatoa leso akaziba pua, na alipofanya hivyo ukumbi ukalipuka. Kwa yale makelele sikuweza kutafsiri tena, na wala hakukuwa na haja.

Kisima kilifungwa wiki ile ile. Mabwana afya walikuja, wakapima, wakaweka kufuli. Kiwanda kikaamriwa kuleta maji kwa gari, na kiangazi kilipoingia wakalivunja lile zege na kulifukua shimo. Siku hizo mtaa mzima ulifunga madirisha. Watu walikula wamejifunika nyuso, wengine walihamia kwa ndugu. Bwana Kisoka alihamishiwa tawi lingine, sijui lipi. Mimi hawajaniita tena kufanya kazi, na sikutarajia waniite.

Jioni ya siku ya mkutano, tulirudi nyumbani na mama tukamwaga maji yote yaliyokuwa ndani. Ndoo, mitungi, birika. Mwisho likabaki pipa kubwa la kona ya jikoni, ambalo mama alikuwa akilijazia juu kwa juu, halijawahi kukauka. Tulilipindua kwa pamoja. Maji yalipoisha, chini likabaki tope jeusi, lenye utelezi, nene kama uji, na harufu ikatoka ambayo sote wawili tuliitambua. Nikarudi nyuma nikiziba mdomo.

Mama hakurudi nyuma. Alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwapani, akaanza kulikomba tope kwa kiganja na kulitupa kwenye karai. Alifanya hivyo muda mrefu. Nilimsikia anapumua kwa mdomo.

"Mama, acha. Tutalitupa pipa lenyewe."

"Alipokuwa hawezi kuinuka," alisema, bila kunitazama, "maji ya kumezea dawa nilikuwa nampelekea mimi. Kutoka humu. Kila asubuhi na kila jioni. Ananiambia, asante, jirani."

Akaingiza mkono tena.